Mto Haupandi Hivyo

Mtaani walimwita Mama Mita, na wengi wao hawakulijua kabisa jina alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa na kazi moja tu, kusoma mto. Kwenye nguzo ya daraja kulikuwa na ubao wa chuma uliopakwa rangi nyeupe, umechorwa mistari myeusi ya mita na sentimita kama rula ya mwanafunzi. Saa tatu asubuhi Mama Mita alishuka ngazi za zege, akainama, akaangalia maji yamefika mstari upi, akaandika kwenye daftari la idara ya maji. Saa tisa alasiri akashuka tena. Alishuka na mafua, na goti bovu, na hata siku waliyomzika mumewe, maana mazishi yalikuwa saa kumi.

Wauza mitumba waliopanga biashara zao ukingoni walimdaka kila alipopanda.

"Mama Mita, leo ngapi?"

"Moja na ishirini."

"Basi tunatandika chini!"

Na kweli walitandika, kwa sababu Mama Mita akishasema, imekwisha.

Hakujaliwa mtoto. Aliyemlea kama mwanawe ni mdogo wake wa mwisho, aliyeachiwa na mama yao akiwa na miaka sita, mwembamba, anayefungua kila kitu kuona ndani kuna nini. Alipokua akawa fundi saa, akafungua kibanda hatua chache kutoka majini. Watu walipoanza kutazama saa kwenye simu, wateja wakakauka. Fundi hakulia. Akajifunza kubadili vioo vya simu na betri, akafuta neno "saa" kwenye bango lake, akaandika "simu", na maisha yakaendelea.

"Dada, dunia imehama," alipenda kumtania. "Sisi tumebaki kulinda kiwanja."

"Wewe hama. Mimi mto wangu uko palepale."

Ndivyo alivyoamini. Lakini huko juu, milima ilikuwa imenyolewa. Misitu ilikatwa, vikapimwa viwanja, zikaota nyumba za mabati mekundu na barabara za lami, na machimbo ya kokoto yakaula mlima mmoja hadi nusu. Mama Mita aliyaona hayo yote kwa mbali, kama mtu anavyoona mvi za jirani yake zikiongezeka. Hakuyahusisha na mistari yake myeusi.

Kisha kikaja kisanduku. Alikileta mhandisi, binti wa miaka ishirini na kitu, kofia ngumu ya manjano kichwani, mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Binti akasimamia mafundi wakakifunga chini ya daraja, na kipande cha kioo cha kunasia jua juu yake. Akamweleza polepole: "Hiki hakiko peke yake, mama. Kina wenzake wawili kule milimani. Maji yakijaa huko, hapa tunajua kabla hayajafika. Watu wote wanapata ujumbe kwenye simu."

"Na mimi?"

Mhandisi akauma maneno. "Wewe mama umefanya kazi kubwa sana. Utaletewa barua."

Barua ikaja, na cheti cha shukrani. Unga ulikuwa umemwagika. Mama Mita alikaa ndani siku mbili, ya tatu akavaa viatu vyake vya mpira akashuka ngazi. Idara ilimwachisha kazi. Mto haukuwa umemwachisha. Hakuna aliyemkataza, na wauza mitumba wakaendelea kumuuliza leo ngapi.

Mvua za kwanza baada ya hapo, ujumbe ulikuja: hameni, maji yanakuja. Watu wakabeba magodoro, wakapanda hadi shule ya msingi iliyo juu ya mtaa. Mama Mita akashuka kutazama, akapanda akacheka. "Moja na sitini. Rudini mkapike." Maji hayakutoka kwenye mkondo. Mwezi uliofuata ujumbe ukaja tena, na tena hakuna kilichotokea. Kuanzia hapo ikawa simu ikilia, watu wanatazama ngazini kwanza. Akipanda Mama Mita ametulia, nao wanatulia. Na yeye, tuseme kweli, aliona raha. Alitembea kifua mbele kama mtu aliyerudishiwa kilicho chake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Jua lilikuwa linawaka, darajani hata tone la mvua halikuanguka. Saa saba na nusu mchana simu zikalia mtaa mzima. Mama Mita alikuwa anafua uani. Akausoma ujumbe, akaifuta simu povu, akairudisha mfukoni. Haikupita muda mdogo wake akaingia, bisibisi bado iko sikioni.

"Dada, umeuona?"

"Nimeuona."

"Wifi yako nimemwambia amchukue mtoto wapande shuleni. Mimi nimesema nije kwako kwanza. Unasemaje?"

Akakausha mikono kwenye khanga. Wakashuka wote wawili. Maji yalikuwa yanapita taratibu, rangi ya chai isiyokolea, na ukingoni kunguru anakunywa.

"Moja na arobaini," akasema. "Jana alasiri ilikuwa moja na arobaini na mbili. Yameshuka haya."

"Kwa hiyo?"

"Mto haupandi hivyo, mdogo wangu. Ukitaka kupanda unaanza na rangi. Unaleta majani, unaleta vijiti, unachukua siku nzima. Rudi kazini."

Fundi akashusha pumzi, akacheka. "Afadhali. Nina simu ya mwalimu mkuu iko vipande vipande mezani. Nikiiacha hivi ataninyonga."

"Nenda."

Wakati Mama Mita anapanda, wauza mitumba wakamwita, nusu yao wameshaanza kufunga mizigo. "Vipi, Mama Mita?" Akawaambia namba. Wakafungua mizigo.

Saa nane na dakika ishirini alikuwa anaanika shuka aliposikia kishindo kama malori kumi yanamwaga kokoto kwa pamoja. Alipofika kichwani pa ngazi, hazikuwepo ngazi. Maji yalikuwa yamekuja yakiwa yamesimama, meusi, yamebeba magogo na mabati mekundu na mlango mzima wenye kitasa chake. Vibanda vya ukingoni alivitafuta kwa macho, asivione. Aliita jina la mdogo wake, lile la utotoni, mpaka sauti ikakatika. Maji yalifika kizingitini kwake, yakasita hapo, yakaanza kurudi.

Walikufa watu saba. Wauza mitumba wawili, bibi mmoja aliyekuwa amelala, wengine wa ng'ambo. Fundi walimpata siku ya tatu, mbali sana, kwenye matanuri ya matofali. Kumtambua walimtambua kwa bisibisi iliyokuwa mfukoni.

Katika msiba, Mama Mita hakutoa chozi. Alikaa kwenye mkeka kando ya wifi yake, amemshika mkono, na wifi ndiye aliyekuwa akimbembeleza yeye. "Lia, wifi. Usijikaushe hivyo, utaugua." Siku ya pili baada ya mazishi, walipobaki wawili, wifi akauliza swali lililokuwa likimzunguka kichwani.

"Kitu kimoja sikielewi. Ujumbe aliupata. Mimi na mtoto alitutoa mwenyewe. Akasema, napita kwa dada, nakuja. Alifika kwako?"

Mtoto, binti wa miaka tisa, alikuwa amelala miguuni pao. Mama Mita alimtazama yeye, hakumtazama mama yake.

"Hapana," akasema. "Sikumwona."

Neno lenyewe lilitoka jepesi, kama mtu anayejibu kama amekula. Wifi akatikisa kichwa. "Basi maji yalimkuta njiani. Maskini ya Mungu." Akazidi kumshika mkono.

Kuanzia hapo chakula kilimkataa. Akimeza, kinarudi. Alipolala alisikia "afadhali" ya mdogo wake, na ule mcheko. Mbaya zaidi ni kwamba wifi kila asubuhi alimletea uji, akasimama pale mlangoni mpaka aone amekunywa.

Siku ya kumi mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule. Mhandisi alikuwepo, kofia ameipakata mapajani, macho yamevimba. Alikuja kuuliza kwa nini watu hawakuhama. Hakupata nafasi ya kumaliza.

"Kisanduku chenu kinadanganya!" mwanamume mmoja akafoka. "Mara mbili mmetuhamisha bure!"

"Hamkupaswa kumwondoa Mama Mita," akasema mwingine. "Angekuwa kazini, watu wangekuwa hai." Ukumbi mzima ukaitikia. Mtu akapiga meza. "Asimame aseme mwenyewe!"

Wakamgeukia. Wifi yake, aliyekaa pembeni yake na mtoto, akamgusa bega kumtia moyo. Mhandisi hakujitetea, alitazama sakafu kama mwanafunzi anayesubiri viboko. Mama Mita alisimama, akashika kiti cha mbele yake.

"Kisanduku kilisema kweli," akasema.

Aliyepiga meza akaketi.

"Ujumbe ulikuja saa saba na nusu. Maji yakaja saa nane na ishirini. Dakika hamsini. Mlemavu angefika shuleni. Mimi nilishuka, nikaangalia, nikaona moja na arobaini, nikasema hakuna kitu. Wale wa mitumba waliniuliza mimi. Walikuwa wamefunga mizigo, wakaifungua. Na mdogo wangu alinifuata nyumbani. Nikamwambia mto haupandi hivyo. Nikamwambia rudi kazini, naye akarudi. Mto niliokuwa naujua mimi haupo tena. Huyu binti aliniambia mapema, nikamsikia kwa sikio moja tu. Msimlaumu."

Akasikia mkono wa wifi ukitoka begani mwake.

"Uliniambia hukumwona," wifi akasema. Hakupaza sauti.

"Nilikudanganya, wifi."

"Mimi nakuletea uji."

"Najua."

"Kila siku nakuletea uji, nasimama pale nakutazama unakunywa."

Alimshika binti yake mkono, wakatoka, na kandambili zao zikasikika hadi mwisho wa baraza. Watu walianza kunong'ona. Wengine wakamtazama Mama Mita kwa huruma, wengine hawakuweza kumtazama. Mke wa mmoja wa wauza mitumba waliokufa alitema mate chini na kuondoka. Mhandisi ndiye pekee aliyemsogelea. Akamshika mikono yote miwili. Hapo ndipo Mama Mita alipolia, mbele za watu, kwa sauti mbaya ya mtu ambaye hajalia siku kumi.

Wifi akahama chumba chake cha jirani na Mama Mita. Hakwenda mbali, hakuwa na pa kwenda. Alipanga nyumba ya mtaa wa tatu, bado upande wa bondeni, akaanza kushona sare za shule. Wakikutana njiani alimpisha Mama Mita kama anavyompisha mtu mgeni. Mtoto alikuwa anageuka nyuma kumtazama shangazi yake, mama anamvuta.

Mvua ziliporudi, ujumbe ukaja, asubuhi ya saa nne. Mama Mita hakushuka mtoni. Alivaa viatu vyake, akaanza nyumba ya kwanza. "Simu imesema. Tokeni." Kwenye nyumba nyingine walitoka kabla hajamaliza kubisha. Kwingine walimkejeli: "Leo umehamia chama cha kisanduku?" Alisimama pale pale mlangoni mpaka wachoke na kutoka. Alipofika kwa wifi yake, akabisha mara moja. Mlango ukafunguka kidogo. Nyuma ya wifi, binti alikuwa amekwisha kuvaa begi mgongoni.

"Wifi, ujumbe…"

"Simu ninayo," wifi akasema. "Usije kubisha mlango wangu wewe. Ukija wewe namwona yeye."

"Sawa, wifi."

Walipanda shuleni, kila mmoja kivyake, wakakaa pembe mbili za ukumbi ule ule hadi alasiri. Maji yalipanda, yakajaa mkondo, yakapungua. Hayakufika nyumbani kwa mtu. Wakati wa kushuka, baadhi walimlalamikia Mama Mita kwa siku waliyopoteza. Aliwasikiliza wote, akasema poleni.

Mara ya pili ujumbe ulipokuja, ulikuta mvua kubwa inapiga. Alipita nyumba moja baada ya nyingine, ameloa chapachapa, goti linamuuma. Mlango wa wifi yake hakuubisha. Aliupita, akafika kona, akasimama chini ya ukingo wa paa la watu, akangoja. Alingoja mpaka alipowaona wawili wanatoka, mama anafunga kufuli, mtoto amejifunika mfuko wa plastiki kichwani, wanapanda. Hawakumwona. Ndipo naye akaanza kupanda, nyuma yao kwa mbali, polepole, ili wakigeuka wasimwone.