Kikabras cha Ukutani

Mke wangu Musimbi aliamka hospitalini Kiswahili chote kimemtoka. Kiharusi kilimwachia lugha moja tu, Kikabras cha kwao, mojawapo ya lahaja za Kiluhya. Nami Kimutai, mkulima wa mahindi hapa Lumakanda, kwa miaka ishirini na mitatu ya ndoa sikuwa nimejifunza hata neno. Nilitafuta masomo yake kwenye simu. Kifaransa kipo, Kichina kipo. Kikabras, hakuna.

Tuliporudi nyumbani, mama yake akaja kumuuguza. Kwa desturi ya kwao, mama mkwe na mkwewe hawatazamani wala hawakai chumba kimoja, kwa hiyo mama alilala jikoni, na kila nilipotokea alijifungia humo. Huyo ndiye mwalimu niliyempata. Mchana nilikaa nje, mgongo kwenye ukuta wa jiko. Yeye ndani anaweka kitu dirishani, anakitaja, mimi nakichukua na kurudia jina lake: kikombe, mwiko, yai. Nikikosea anacheka, halafu anajikohoza kuficha. Mtu wa miaka hamsini na minne nafundishwa kama mtoto wa chekechea! Nilikereka, lakini nilivumilia kwa sababu moja.

Kila jioni nilipompelekea Musimbi dawa barazani, alisema maneno yaleyale, kwa sauti ya chini. Nilitaka kujua mke wangu ananiambia nini. Nikamuuliza mama.

"Anasemanga asante, mkwe," akajibu kutoka ndani.

Nilifurahi kupita kiasi. Nikajifunza jibu lake, nikamjibu kila jioni kwa miezi mitatu.

Kumbe lugha ikishaingia haichagui cha kukueleza. Mwezi wa nne, nikiwa nimeshika kikombe cha maji, maneno yale yakanielea yote kwa mpigo mmoja. Musimbi alikuwa akimwambia mama yake kule jikoni: "Nyamaza, amekuja. Hataki kusikia lugha yetu."

Sasa niseme jambo nililokuwa nikiliruka. Ni mimi niliyeipiga marufuku. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimkuta akiongea na dada yake, nikawaambia hapa kwangu sitasengenywa kwa lugha nisiyoijua. Sikufoka. Nilisema mara moja tu, naye akatii, mpaka watoto wetu wakakua bila kuijua. Niliona aibu.

Nilienda pale ukutani nikamwambia mama kwamba nimeelewa.

"Ningekwambiaje, mkwe?" akasema kutoka ndani.

Nikamwomba anifundishe maneno mawili. Akanipa, nikayarudia mpaka yakakaa mdomoni. Kisha nikarudi barazani, nikapiga magoti mbele ya mke wangu, nikamwambia kwa lugha yake:

"Ongea tu."

Musimbi alinitazama kwa hofu. Akageukia upande wa jikoni na kumwambia mama yake, kwa sauti ya chini kuliko siku zote, "Umeona? Ametusikia."