Beki Tatu Hapandi Ovyo

Nilifunga duka saa tisa alasiri, Jumamosi, siku ambayo Kariakoo hakuna mwenye akili anayefunga, nikaenda Ilala kumtazama mwanangu Leticia akijaribiwa. Wasichana thelathini na wanne walikuwa wanagombea nafasi kumi na nane kwenye timu ya wanawake iliyopanda daraja. Timu mbili zilishamkataa. Asubuhi nilimwambia wazi: wakimkataa na hawa, viatu anampa binamu yake na mwezi ujao anaanza chuo. Nyumbani nikisema jambo limepita, na yeye anajua.

Kocha Celina alimpa jezi namba tatu. Beki tatu. Mtaani kwetu beki tatu ni msichana wa kazi za ndani, na jina lile lilinichoma hata kabla mpira haujaanza. Nilichojua kuhusu mpira ni kwamba kuna kipa, kuna wanaofunga, na wengine wako katikati. Sasa mwanangu alikuwa amesimama nyuma kushoto, mikono kiunoni, mpira uko upande wa pili kabisa. Dakika kumi hajaugusa. Dukani kwangu mtu akisimama hivyo nampa fagio.

Nikapaza sauti. "Leticia, panda!"

Akasita, akanitazama, akapanda. Alipata mpira, akapiga krosi, watu wakapiga makofi. Nikaona kumbe najua. Nikamwita tena, akapanda tena. Mara ya tatu beki wa kulia, Dalia, alikuwa naye ameshapanda. Mpira ukapotea katikati. Namba saba wa timu pinzani akakuta njia ya Leticia nyeupe, akakimbia peke yake mpaka kwa kipa, akafunga.

Kocha akasogea hadi kwenye mstari. "Tatu! Nani kakutuma upande?"

Leticia hakumtazama kocha. Alinitazama mimi. Kocha akayafuata macho yake, akaniona, akaandika kitu kwenye karatasi.

Pembeni yangu alikaa Sabaha, mama yake Dalia, muuza vitambaa wa mtaa wa nyuma ya duka langu. Alikuwa anakula karanga tangu mechi ianze. Akaacha.

"Mama Leticia, mtoto anasikiliza redio mbili, na yako ndiyo yenye sauti. Utamrudisha nyumbani kwa mdomo wako."

Nilimwambia asiyegusa mpira hachukuliwi. Akainua vidole vinne mbele ya uso wangu kama anayemfundisha mtoto wa chekechea. Hawa ni mabeki, alisema. Timu inacheza nne, nne, mbili: wanne nyuma, wanne katikati, wawili mbele. Kocha amemwagiza Dalia, beki mbili, apande kulia. Akipanda, Leticia anaingia ndani karibu na wale wawili wa kati, wanabaki watatu. Akakunja kidole kimoja, akavibananisha vilivyobaki. Pale aliposimama ndipo kazini kwake.

"Na wewe unamfukuza kazi," akamaliza, akarudi kwenye karanga.

Nina stashahada ya ugavi. Najua ghala haliachwi wazi eti wote wametoka kuuza. Ila sikujua kama lile ni ghala.

Mapumziko, Dalia alikuja kunywa maji. Alituambia kocha amempa Leticia dakika kumi. Akipanda ovyo mara moja tu, anatoka. Msichana wa benchi alishaanza kupasha mwili.

Kipindi cha pili nikafunga mdomo. Haikusaidia. Kila Dalia alipoanza kukimbia, Leticia aligeuka kunitazama, akisubiri amri. Alichelewa hatua moja, kisha hatua mbili. Namba saba alishamsoma, akawa anasubiri tu ageuze shingo. Mara moja alimpita kabisa, na ni kipa aliyetuokoa kwa mguu.

Nikainuka, nikatoka nje ya geti. Nikasimama nyuma ya ukuta, penye pikipiki zilizoegeshwa, mahali ambapo hawezi kuniona. Kupitia upenyo wa geti niliona benchi tu. Yule msichana alikuwa anafunga kamba za viatu.

Nikasikia vishindo vya watu wakikimbia kuelekea golini kwetu. Halafu sauti ambayo nyumbani sijawahi kuisikia ikiamrisha mtu.

"Dalia, nenda, nipo! Nne, sogea! Saba wangu, mwacheni!"

Kikafuata kishindo cha miguu miwili kwenye mpira mmoja. Msichana wa benchi akasimama, akavua koti. Nilingoja filimbi ya penalti. Haikulia. Kocha akampungia yule msichana mkono arudi, naye akakaa.

Walipomaliza walisoma majina. La Leticia lilikuwa la kumi na saba. Nilishaanza kuangalia chini.

Alinijia getini, goti limechubuka, vumbi mpaka kwenye kope. Nikampa maji.

"Mama, mechi ijayo usije."

Nikamwambia nitakuja, nitakaa kimya.

"Hutaweza."

Hajawahi kunijibu hivyo. Nilifungua mdomo nimweke sawa, nikaufunga. Nikamwuliza tu, sasa nani atakuwa ananieleza yaliyotokea. Akanyoosha kidole kwa Sabaha, aliyekuwa anatujia na pakiti mpya ya karanga.