Pedali Iliyokataa Kurudi Juu

Siku tuliyoamriwa kuhama Goma kwenda Sake, siku tano baada ya volkano kulipuka, Zéphirin alisimamisha lori lake kuukuu mbele ya gereji yangu ya Murara likiwa limejaa watu. Juu ya magodoro alikaa mama yake, Mukashyaka, ambaye miguu yake haimbebi tena. Lori lisipoondoka, mama huyo haendi popote.

"Papa Janvier, pedali ya ambriaje iko inakwama chini," Zéphirin alisema. "Ni vumbi ya volkano."

Wiki ile vumbi la volkano lilisingiziwa kila kitu, hata uvivu wa watu. Nilimwambia anyamaze nifikiri. Nilikanyaga pedali hiyo ya klachi, ikashuka vizuri, ikalala hukohuko. Niliivuta kwa mkono, ikapanda shingo upande. Nikaitenganisha na fimbo inayosukuma pampu. Sasa pedali ikacheza juu na chini bila shida. Basi vumbi halikuwa na kosa, ugonjwa ulikuwa ndani ya pampu. Nikachovya kidole kwenye kikopo cha mafuta ya breki kinacholisha pampu hiyo, nikanusa.

"Uliweka nini humu?"

"Mafuta ya motere. Juzi ilipunguka, na maduka yote ilikuwa ya kufunga."

Hasira ilinipanda. "Mafuta ya motere inavimbisha mipira ya pampu! Mupumbavu gani alikufundisha?"

Alinitazama kwa mshangao. "Si ni weye, Papa? Wakati ya vita ya 2012. Ulituambia sisi bashofa bote."

Nilikaa chini kwenye jiwe. Ni kweli. Waasi walikuwa mjini, mafuta ya breki hayakupatikana, nikawaambia madereva, weka ya injini, itakusogeza. Walisogea, wakanisifu, nami nikavimba kichwa. Mafuta ya breki yaliporudi madukani, sikumwambia hata mmoja aache. Niliona aibu mbele ya yule mama. Mchuma janga hula na wa kwao.

Mipira mipya ya pampu sikuwa nayo. Nilirudisha fimbo mahali pake, nikakata ukanda wa tyubu ya gurudumu, nikaifunga pedali kwa juu ili ivutwe irudi. Zéphirin alikanyaga mara tano. Mara zote tano ikapanda.

"Hii ni ya kufika Sake tu," nilimwambia kwa sauti, watu wote wasikie. "Kule pampu ifunguliwe, ioshwe, mipira ibadilishwe. Hii haiko dawa."

"Nimesikia, Papa." Akawasha injini, kisha akasita. "Na bale bashofa bengine benye ulifundisha? Bote bako mu barabara leo."

Nilifunga gereji, nikabeba sanduku la vifaa, nikamwomba mama Mukashyaka anisogezee nafasi kidogo.