Gari la Mjomba

Nyumbani binti huyu walimwita Profesa, kwa kuwa ndiye wa kwanza katika ukoo kufika chuo. Mjomba wake naye alimwita hivyo hivyo, ila kwake ilikuwa kejeli.

Profesa alikuwa na taabu moja tu, nayo ilimnyima raha. Asubuhi alisoma, mchana alikunja mashuka katika kiwanda cha kufulia nguo za hoteli, upande wa pili wa mji. Basi lilimfikisha zamu ikiwa imeshaanza. Msimamizi alikuwa amemwonya mbele za watu kwamba akichelewa tena asijisumbue kuvaa aproni. Bila zamu hiyo hakuna ada, na bila ada hakuna chuo. Akaamua kutafuta gari, lolote lile, mradi la bei chee.

Alilipata. Nesi mstaafu wa mtaani kwao alikuwa anauza kigari kilichobonyea ubavuni, rangi imepauka kama shuka lililofuliwa mno, lakini kiliwaka kila asubuhi bila kubembelezwa. Bei walishakubaliana. Ndipo mama akasikia.

Mama alinuna kutwa. Jioni akasema kaka yake ana yadi nzima ya magari, halafu mwanawe anakwenda kununua kwa watu baki, majirani watasemaje? Katika nyumba ile kumruka mjomba kulikuwa sawa na kumtukana, na mama alikuwa tayari kulia mpaka ashinde. Akashinda. Nesi akamuuzia mtu mwingine.

Mjomba alikuwa mtu wa manukato na maneno matamu, mnafiki wa kuzaliwa. Alimwonyesha gari jekundu linalong'aa mpaka unajiona meno. Profesa akaomba, kwa adabu zote, amlete fundi alitazame. Mjomba hakukasirika. Alitabasamu tu, akampigia dada yake simu, kisha akampa binti asikilize.

"Unataka kumletea kaka yangu mkaguzi?" mama aliuliza. "Wewe nilikuzaa au nilikuokota?"

Fundi hakuja. Kila alipokwenda kulijaribu, Profesa alikuta boneti ina joto, na gari likawaka mara moja. Akamshukuru mjomba kwa kumpashia injini. Mimi ningekuwa mjomba, ningetamani ardhi inimeze. Yeye aliitikia "usijali" bila kupepesa macho.

Akiba yote ikaenda. Siku ya kwanza kulipeleka chuoni, gari lilikaa pale mpaka vipindi vikaisha, likapoa. Alizungusha ufunguo, likakohoa, likanyamaza. Wenzake walilisukuma huku wakimcheka, wakachoka, wakaenda zao. Fundi wa jirani alilisikiliza kidogo, kisha akauliza nani amemuuzia. Injini imechoka kabisa, alisema; ikipoa haiwaki, na muuzaji alijua, maana bila kuipasha kwanza asingethubutu kumwonyesha mtu.

Alipofika kiwandani, aproni yake ilikuwa imevaliwa na mwingine. Msimamizi hakumtazama hata usoni.

Kesho yake alikwenda yadi pamoja na mama. Mjomba aliwapa viti, akaagiza soda, akasikitika vizuri kabisa. Alisema gari lilitoka kwake zima. Wasichana ndivyo wanavyoua injini. Hata hivyo, mtoto wa dada yake hawezi kumtupa. Atalichukua tena, kwa bei ya chuma chakavu.

"Mjomba, ulijua," Profesa alisema.

Mama akamfinya mkono. "Mwombe mjomba wako radhi."

Profesa alimgeukia mama yake, akitafuta usoni pale japo chembe ya shaka. Shaka ilikuwepo, tena si chembe. Mama naye alijua. Aliijua tabia ya kaka yake tangu utotoni, na bado alikuwa anamfinya. Hilo lilimuuma binti kuliko gari, kuliko kazi.

"Nisamehe, mjomba."

Mjomba akasamehe papo hapo. Akaongeza kwamba anatafuta mtu wa kuosha magari, asubuhi mpaka jioni, na afadhali awe mtu wa nyumbani kuliko mgeni.

"Na chuo, mama?" Profesa aliuliza.

Mama alikuwa anamalizia soda yake. Aliweka chupa chini taratibu, akajifuta midomo, akamtazama kaka yake.

"Ataanza kesho," alisema, kisha akamshukuru.