Aliyeswali Bila Kuketi

Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025. Kulipambazuka Mwabungo kwa manyunyu mepesi, mbingu imefunga na joto halijapungua, na Bi Rai alitoka kwake magoti yakimuuma tangu kitandani. Kazi yake ilikuwa kukanda wanawake waliojifungua au walioharibikiwa na mimba. Mikono ilikuwa na nguvu bado. Mwenye mikono ndiye aliyechoka.

Alikuwa akienda kumkanda Husna, binti wa Subira, kwa siku ya tatu. Husna aliuza magauni kwa simu pale Ukunda. Alisafiri kwenda Nairobi kununua mali, akarudi kwa mama yake akijivuta, akasema mimba imeharibika njiani. Mumewe Alamin, aliyekuwa kazini mpakani Lunga Lunga, alilia kwenye simu. Bi Rai akaitwa. Akamkanda kwa maji ya moto juu ya leso, kiuno na nyonga, akibonyeza kwa uzito wake wote kama alivyowabonyeza wengine, kisha akamfunga mkaja tumboni. Husna aliuma mto.

Leo Bi Rai alifika mapema. Subira alikuwa uani akichochea moto wa maji. Bi Rai akasogeza pazia la chumba, akasimama palepale. Husna alikuwa akiswali dhuha, sunna ya asubuhi.

Mwanamke aliyeharibikiwa na mimba, damu haijakatika, haswali. Hilo wasichana wa Mwabungo hulijua kabla hawajaolewa. Husna akainuka kutoka kwenye sijida. Badala ya kuketi, akabaki amepiga magoti wima, mkono mmoja ukutani, akasoma tahiyatu vivyo hivyo huku jasho likimtiririka. Alipogeuza uso kutoa salamu, akamwona.

"Shikamoo, Bi Rai."

"Marahaba. Damu imekatika lini?"

Husna akajifuta jasho kwa upindo wa leso.

"Nauliza kwa sababu jana uliniambia ingali inatoka."

"Watu wote nimewadanganya, Bi Rai. Swala ndiyo iliyonishinda kuiacha."

Bi Rai akaketi ukingoni mwa kitanda, maana magoti hayakumpa njia nyingine. "Basi sema, mwanangu. Nimechoka, lakini nasikiliza."

Husna akasema, bado amepiga magoti. Hakukuwa na mimba wala mali. Daktari wa huko alimtoboa vitundu tumboni na ubavuni, akaingiza mrija, akanyonya mafuta. Yakachujwa, kisha akayadunga kwenye makalio kwa sindano, kidogo hapa na kidogo pale, ili yapate damu yashike. Aliambiwa asiketi wala asilalie mgongo kwa wiki kadhaa, na mahali pale pasibonyezwe.

"Pasibonyezwe," Bi Rai alirudia. Akatazama viganja vyake. "Nami nimepakanda siku mbili. Mbona hukunizuia?"

"Mama alikuwa ameshika beseni. Ningesemaje?"

"Na yote haya kwa ajili ya nini?"

"Wateja. Nikivaa gauni nikajipiga picha, wanaandika chini yake: gauni zuri, ila halina mtu ndani."

Siku nyingine Bi Rai angecheka. Alifunua leso aliyojifunga Husna. Upande wa kulia ngozi ilikuwa imevimba, inang'aa, na moto wake aliusikia kabla hajaigusa. Akaomba msamaha kwa Mola kimoyomoyo. Kisha likamjia jingine. Husna akienda hospitali na uongo wake, watatafuta mimba, na ugonjwa utaendelea kule nyuma. Na akifa, watu watasema ni mikono ya Rai.

"Unakwenda Msambweni sasa hivi," akasema. "Na utamwambia daktari la kweli."

"Nitakwenda. Lakini tuseme ni tumbo."

Pazia likasogea. Subira aliingia na beseni, nyuma yake jirani yao Kadzo na bakuli la uji.

"Maji yanapoa," alisema Subira. "Kuna nini?"

"Muulize mwanao," alisema Bi Rai.

Husna akayasema tena, safari hii akiutazama ukuta. Subira akaliweka beseni chini polepole.

"Siku zote hizi nimemwombea dua mjukuu," alisema. "Kumbe nilikuwa nikimwombea nani?"

Kadzo akautua uji dirishani. "Tutalia tukirudi. Tuktuk ya Tsuma iko hapo nje. Kama haketi, alale kifudifudi kiti cha nyuma, mimi nitashika miguu. Magunia ya nazi yamefika Msambweni hivyo hivyo."

Subira akaanza kumtafutia mwanawe buibui. Bi Rai hakuondoka mlangoni.

"Ngojeni kwanza. Aseme mbele yenu atakalomwambia daktari. Akiniambia mimi peke yangu, atalimeza njiani."

Husna alishika ukuta, akasimama. Sauti ilikuwa ndogo, lakini wote watatu waliisikia.

"Mbele ya Mungu, na mbele yako mama, na Kadzo, na Bi Rai. Nikifika Msambweni nitamwambia daktari kwa mdomo wangu kwamba nilitolewa mafuta tumboni nikatiwa nyuma, na kwamba pamekandwa kwa sababu mimi sikusema. Na leo, kabla ya magharibi, nitampigia Alamin nimwambie hakukuwa na mtoto."