Kozi ya Tisa

Kozi ya tisa, yaani safu ya tisa ya matofali ya ghorofa ya juu, ndiyo ingemaliza habari. Fundi alilijua hilo kabla ya mtu yeyote, maana alilipima mwenyewe. Jumapili moja alifunga uzi kwenye dirisha la chumba cha mama yake, akauvuta hadi kwenye nguzo ya jengo jipya lililoinuka hatua nne tu upande wa mawio ya jua, akahesabu. Tofali la tisa likikaa, jua la asubuhi halitaingia tena. Akakunja uzi, akautia mfukoni. Kesho yake akapanda jukwaa kama kawaida.

Wenzake walimwita Timazi, ile kamba yenye risasi inayopima kama ukuta umesimama wima, kwa kuwa hakujua kupinda maneno. Miaka thelathini ya saruji ilikuwa imemla vidole. Alishika kikombe cha chai ya moto kwa kiganja kizima wala asishtuke. Siku hizi ganzi ile ilikuwa kama imepanda mkononi, ikapita begani, ikatafuta pa kukaa.

Mama yake hakuwa ametoka kitandani tangu upande wake wa kushoto ukatae kazi. Saa ya ukutani hakuitaka, eti inamhesabia siku. Saa yake ilikuwa jua. Likiwa kwenye mlango wa kabati, chai. Likishuka hadi mguu wa kitanda, vidonge. Likijikusanya chini ya dirisha, linaaga. Dada yake Fundi, aliyekaa naye, alitoka alfajiri kwenda kushona, akaacha chai kwenye chupa na vidonge kwenye kisahani. Yaliyobaki aliliachia jua.

Dirisha lile alilitoboa marehemu baba yao, akalifanya kubwa kuliko la sebuleni. Watu walimcheka. "Nyumba isiyopokea jua la asubuhi ni ghala," aliwajibu, "na mimi sina gunia hata moja."

Mwenye jengo jipya alikuwa na mawazo yake kuhusu nuru. Upande wa barabarani alitaka vioo toka sakafuni hadi darini, kila mpita njia aone taa zake. Upande wa nyuma alitaka ukuta mtupu, usio na tundu wala lipu.

"Huko nyuma kuna nini cha kuangalia?" alisema.

Fundi akachovya mwiko kwenye saruji.

Ilipofika kozi ya tatu, kabati likaingia giza. Dada yake akaja hadi chini ya jukwaa, mikono kiunoni.

"Wewe Timazi! Shuka!"

"Niko kazini, dada."

"Kazi gani? Kumjengea Mama kaburi la wima?"

"Nisipojenga mimi atajenga mwingine. Tena atajenga upogo."

"Heri huo upogo! Ukuta ungeanguka, tukapumua."

Mafundi wenzake wakaangua kicheko. Yeye akaomba aletewe saruji nyingine. Alijipapasa moyoni, kama mtu anayepapasa kwa ulimi palipong'olewa jino. Akakuta pengo, basi. Haliumi.

Kozi ya tisa aliipanga Alhamisi, kwa mkono wake, na pima maji ikasema sawa.

Jumamosi alipita kuwasalimu. Akamkuta dada yake amesimama na kisahani mkononi. Vidonge vya siku mbili vilikuwa vilevile, havijaguswa.

"Mama, mbona hukumeza?"

"Nilikuwa nasubiri kuche," mama yao akasema.

Fundi alikuwa mlangoni. Dada yake, mara hii, hakumsema. Akamtazama tu, akaenda kuleta maji.

Jumatatu Fundi alimfuata mwenye jengo.

"Ukuta wa nyuma nataka kuupiga lipu, kisha chokaa. Nyeupe."

"Ya nini? Nani anauona?"

"Mama yangu."

Mwenye jengo akageuka, akalitazama lile dirisha kana kwamba limeota jana. "Kumbe pale ni kwenu? Miezi yote hii! Mbona hukusema?"

"Ungesogeza ukuta?"

Bwana yule akakuna shingo. "Hapana."

"Basi."

"Una mdomo wewe, Fundi. Haya, paka. Paka unavyotaka."

Akapiga lipu, akaiacha ikauke. Kisha akapaka mikono mitatu ya chokaa, mmoja juu ya mwingine, bila kupokezana na mtu. Ukuta mweupe haumezi jua, hulirudisha; na ukuta ule, jua likishavuka paa la mama yake, liliupiga alasiri yote hadi jioni.

Siku alipomaliza aliingia chumbani na chokaa kwenye nyusi. Chumba kizima kilikuwa cheupe, hadi chini ya kitanda.

"Nani kawasha taa?" mama yake akauliza.

"Ni ukuta, Mama."

Mama akalitazama lile jua kwa muda mrefu. "Mbona halitembei? Lile la baba yako lilikuwa na miguu. Hili limekaa tu, kama mgeni asiyejua kuaga."

Dada akacheka, kisha akageukia kabati, akapangua nguo zilizokwisha pangwa.

"Ila uso wako nauona," mama akaendelea. "Umezeeka, baba."

"Nimezeeka."

"Saa ngapi sasa?"

Mama hakuwa amewahi kumwuliza mtu saa.

"Saa kumi."

"Na asubuhi nitajuaje?"

Fundi akaweka mkono juu ya shuka, penye mwanga, akangoja. Hakusikia joto. "Nitagonga dirishani," akasema. "Mara moja, chai. Mara mbili, vidonge."

"Na jengo likiisha?"

"Nitakuja kugonga."

"Usigonge kama polisi, basi."

Kesho yake saa mbili alishuka jukwaani, akavuka zile hatua nne. Kule nyuma kulikuwa bado na kivuli na ubaridi. Akageuza mwiko, akagonga kwa mpini, mara mbili, taratibu. Halafu ndani kisahani kikakwaruza juu ya meza.

Akasimama pale kidogo. Kisha akarudi kazini.