Vidole Viwili Wakati wa Sala

...na sasa anawaombea wakuu wa nchi, basi tuna dakika sita, saba akikumbuka maseneta, Mchungaji Gaines huanza na wakuu, halafu askari, halafu wagonjwa, halafu wasafiri, na mpaka aseme amina mlango huu haufunguki, ndiyo sheria yetu wahudumu wa mlangoni, sala ikianza haingii mtu hata awe gavana wa Alabama, mkono wa kulia kwenye kitasa, wa kushoto mgongoni, glavu nyeupe, uso usiosema kitu, na uso huo ninao, miaka ishirini na miwili nimeuvaa hapa kanisani Mlima Pisga, hata siku ile walipomrudisha Lonzell wangu kutoka Vietnam ndani ya sanduku lenye bendera nilisimama hapa hapa nikawafungulia waliombeba, watu wakasema Dada Verlene ana moyo, moyo gani, nilikuwa na zamu... "Mama," anasema mtu nje, nyuma ya mbao za mlango, na mtu huyo ni Thaddeus, mwanangu aliyebaki, "Mama, upo hapo?" Nitakuwa wapi kwingine. "Mama, mvua inaninyeshea." Nainamisha kichwa kidogo, midomo isionekane, namwambia siku uliyozaliwa ilinyesha kuliko hii na hukuyeyuka, tulia, watu wanasali. Anacheka, kicheko cha marehemu baba yake, kisichojua wakati wake. "Nitaisoma, Mama, utake usitake." Anayo mfukoni barua ya kaka yake, kaitoa kwenye droo yangu ya leso, hakuiba, aliniambia, ndivyo alivyo, atakwambia kwanza halafu afanye, na barua naijua kwa moyo ingawa sikuisoma zaidi ya mara mbili, Mama mwambie Thad asije huku, kikosini tuko thelathini na wanne, weusi ishirini na mmoja, na kila asubuhi sajenti akichagua wa kutangulia njiani, pale penye mabomu ya kukanyagwa, husema wewe, wewe na wewe, na sijamsikia bado akimwambia wewe Mzungu, halafu Lonzell anauliza kama mbwa wetu amepona mguu.

Na wa kusomewa yupo, Bwana Lathrop, daktari wa meno, mwenyekiti wa kamati inayoandikisha vijana jeshini, Mzungu peke yake humu leo, amekuja kuwapa mkono vijana wetu watatu wanaoondoka Jumanne, amekaa benchi la mbele na watu wamemwachia nafasi kando kama mtu mwenye tetekuwanga, ni heshima, wanasema. Namjua kisogo chake. Miaka kumi na minne nampikia, mayai mawili, kiini kisiive sana, mkate uungue kidogo ukingoni, na mwanawe Preston yupo mezani pia kwa sababu Preston ni askari wa akiba wa jimbo, hao hawapelekwi Vietnam, mara moja kwa mwezi anavaa sare anakwenda kupiga hema maili ishirini kutoka hapa, Jumapili jioni yuko jikoni ananiuliza kama pai ya pichi imebaki. Sina ugomvi na Preston. Husema ahsante. Lakini kamati ni watu watano, Wazungu watano, na mwaka jana majira ya kuchipua wilaya hii ilitoa vijana kumi na mmoja, nilihesabu huku namenya viazi, tisa ni wetu, nasi ni theluthi tu ya watu wa hapa, hesabu hiyo hata mimi niliyeishia darasa la sita naiona ilivyopinda, mkuki kwa nguruwe, bwana daktari, kwa Preston mchungu... "na uwalinde vijana wetu, Bwana, kule ng'ambo," anasema Mchungaji, ndiyo Bwana, wanaitikia, ameshafika kwa askari, anaenda mbio leo, ni kwa sababu ya mgeni huyo. Asubuhi Shemasi Rudd, mkubwa wetu wahudumu, alinivuta kando. "Dada Verlene, yule wako asiingie leo. Mchungaji kasema." Nimesikia, Shemasi. "Siyo ubaya, dada. Tuna mgeni, na yule kijana hana breki." Nimesikia, nikasema, na nilikubali, siyo kwa ajili yao, kwa ajili ya kesho. Thaddeus ameitwa aripoti Alhamisi, anasema haendi, wanasimama na wenzake mbele ya posta na mabango yao, na asiyekwenda ni miaka mitano jela, basi kesho nikishaweka mayai mezani nitamwambia Bwana Lathrop, mmoja nimeshatoa, niachie huyu. Nimelikariri wiki nzima, mpaka kwenye kufua, niachie huyu, niachie huyu, na mtu humuaibishi Jumapili mbele ya watu ukamwomba Jumatatu, kwa hiyo mlango umefungwa, mvua na inyeshe, atanichukia mwaka mmoja, miwili, lakini atakuwa hai wa kunichukia.

Rudd ananyoosha kiganja kule mbele. Ni kawaida yetu, hatusemi wakati wa sala, tunasema kwa mikono, kiganja wazi ni kuuliza wangapi wanasubiri nje, wa mlangoni hujibu kwa vidole ili viti vitafutwe kabla ya amina, na ngumi maana yake hakuna mtu. Anauliza ili ionekane ameuliza. Anangoja ngumi, ana hakika na ngumi yangu kama alivyo na hakika na jina lake, nami natoa mkono kwenye kitasa, nauinua, naona Rudd anakunja uso, nautazama mkono wangu mwenyewe na umesimamisha vidole viwili... viwili, si ngumi, na hata si kimoja, kama ni kusema kweli kingekuwa kimoja, ni mkono huu, haukupewa habari, miaka tisa kila Jumapili walichelewa wanangu wawili, wakigombania pasi, mmoja tai bado iko mkononi, na mimi hapa viwili, na Rudd akicheka kwa macho, wale wako tena, na leo mkono umesikia sauti mlangoni ukahesabu ulivyozoea, Lonzell yuko nje mvuani na mdogo wake, na mimi, aibu hii, niliuamini kwa pumzi moja, nilitaka kufungua nimwambie futa viatu. Inauma. Haya, nimesema, inauma, miezi mitano nasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, lakini Bwana hakukaa kwenye ile kamati, walikaa watano, na mmoja wao nilimpikia asubuhi ile barua ya kumwita Lonzell ilipokuwa njiani, alikuwa anajua, alikuwa ameshatia sahihi, akaniambia Verlene, mayai ya leo umeyapatia, nikasema ahsante bwana. Nilinyamaza vizuri. Hakuna mama aliyenyamaza vizuri kuliko mimi katika wilaya hii, na nikaletewa bendera iliyokunjwa pembe tatu. Na hiyo niachie huyu, hiyo nayo ni kunyamaza, ila kwa maneno, maana akinifutia Thaddeus kwenye karatasi atamwandika nani pale, si Preston, atamwandika yule wa Dada Ozella aliyekaa benchi la tatu na masikio yake makubwa, na mimi nitamfungulia Ozella mlango siku hiyo, glavu nyeupe, uso wangu huu.

Rudd anauliza tena, kiganja, halafu mwenyewe anakunja ngumi kifuani kunionyesha jibu, ananiomba, dada, ngumi, na kukunja vidole viwili hakuna kazi. "Mama?" Nyamaza, namwambia, nahesabu viti. Sikunji. Namwona Rudd anatafuta, kulia, kushoto, roshani, kumejaa kote, hata kwaya wamebanana, zimebaki nafasi mbili tu kanisa zima, kando ya Bwana Lathrop, na Rudd ameziona, na amejua kuwa nimeziona, anatoa leso anafuta shingo. Mchungaji amefika kwa wagonjwa. Mlango bado nimeufunga, sheria ni sheria, mpaka amina. Kiti kimoja cha Thaddeus, akimaliza kusoma akae. Kingine changu, miaka kumi na minne niko karibu na mtu yule na sijakaa hata siku moja.